Dume la mbegu kwa ng'ombe wa nyama Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelenga mfugaji wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa anayefuga ng'ombe wa nyama kwa malisho ya wazi au shamba lenye uzio. Ng'ombe wa maziwa wana hesabu zao nyingine, hatukuzigusa isipokuwa pale zinapoharibu hesabu za nyama.

Kwa nini nihangaike na dume wakati majike ndio wengi zizini?

Jike akijitahidi sana anakupa ndama mmoja kwa mwaka. Dume mmoja aliyepewa majike 25 anakuachia ndama 20 hivi kila msimu, na akikaa misimu mitatu una 60 wanaobeba nusu ya urithi wake. Tuseme unabakiza mitamba wa kila dume na kuwapandisha kwa dume mwingine anayefuata. Madume watatu wakishapokezana, sehemu 7 kati ya 8 za urithi wa ndama wako zimetoka kwao. Majike ulioanza nao wamebakiwa na sehemu 1.

Nina ng'ombe 40 wa asili na fedha ya kununua dume wa Boran, mbari ya nyama, sina. Nianzie wapi?

Anza kwa kuhasi. Hili watu hawalipendi kwa sababu halina fahari ya kushusha dume mpya kwenye lori, lakini ndilo linalolipa haraka kuliko yote.

Tazama kinachofanyika katika mazizi mengi ya Usangu, Chunya na Momba. Dume kijana anayekua haraka ndiye anayempendeza mnunuzi mnadani, kwa hiyo anauzwa. Mwenzake mwenye kifua kipana anahasiwa awe maksai wa jembe. Anayebaki na korodani zake ni yule aliyedumaa, ambaye hakuna aliyemtaka, na huyo ndiye anayepanda majike wote. Hapo umechagua dume, ila umechagua kinyumenyume. Ukirudia hivyo miaka 15, sehemu ya ule udogo tunaousingizia "asili" tumeutengeneza wenyewe.

Fanya hivi. Waandike madume wote ambao hawajahasiwa na wamepita miezi 6. Kwa kila mmoja andika mama yake ni nani, na mama huyo amezaa mara ngapi kwa miaka mingapi. Bakiza wawili au watatu wenye mwili mkubwa kwa umri wao waliotoka kwa mama anayezaa kila mwaka, kila miezi 15 ikizidi sana. Waliobaki wahasiwe wote mwezi huohuo. Ukibakiza "huyu mmoja kwa tahadhari," huyo wa tahadhari ndiye atakayemfikia mtamba usiku.

Kuhasi kwa budizo (koleo la kubana mirija ya korodani bila kukata ngozi) kunashindwa mara kwa mara. Kosa liko wapi?

Makosa ni matatu. La kwanza ni kubana mirija yote miwili kwa mara moja: unaua ngozi ya katikati na mfuko unaoza. Shika mrija mmoja, usukume ukingoni mwa mfuko, bana, hesabu hadi kumi, achia. Rudia tena sentimita moja chini yake. Kisha nenda upande wa pili, na hakikisha alama za kulia na kushoto hazikutani zikafanya mstari mmoja.

La pili ni budizo lililochoka. Lijaribu kwa uzi uliowekwa katikati ya karatasi mbili: likibana vizuri uzi hukatika na karatasi hubaki nzima. Uzi usipokatika, mrija wa dume nao hautakatika.

La tatu ni haraka. Mtenge na majike kwa wiki 6, kisha mpapase. Korodani zinapaswa kuwa zimenywea na kuwa ngumu. Ikiwa moja imebaki laini na kubwa kama zamani, rudia upande huo. Umri mzuri ni miezi 2 hadi 6. Dume mkubwa anaumia zaidi, na kwake mwite daktari wa mifugo aje na dawa ya ganzi.

Ni mbari gani inayofaa huku kwetu?

"Huku kwetu" ni sehemu nyingi. Bonde la Usangu liko mita 1,000 na kitu juu ya usawa wa bahari: kuna joto, kupe ni wengi, na kiangazi nyasi zinabaki mabua. Pawaga, Ismani na bonde la Ziwa Rukwa ni ndugu zake. Nyanda za Kitulo huko Makete ziko juu ya mita 2,500, na usiku wa Juni na Julai kuna jalidi. Mufindi na Njombe ziko katikati, na nyasi zao hukua kwa wingi kisha hugeuka ngumu na kupoteza protini mvua ikikatika mwezi Mei.

Kwa maeneo ya joto na kupe, Boran ndiye chaguo letu la kwanza. Ni zebu (ng'ombe wa nundu) wa asili ya kusini mwa Ethiopia aliyechaguliwa kwa nyama huko Kenya kwa miaka mingi. Dume aliyekomaa hufika kilo 500 hadi 800, anatembea, anastahimili joto, na binti zake ni mama wazuri. Akipanda jike wa asili wa kilo 220, ndama huzaliwa bila kuvutwa. Na kwa anayelima kwa jembe la ng'ombe, maksai wa damu ya Boran ana nguvu kuliko wa asili mtupu. Jambo hili wataalamu wengi husahau kulitaja, wakati kwa mkulima wa Mbozi ni nusu ya thamani ya mnyama.

Mpwapwa, mbari iliyotengenezwa Mpwapwa mkoani Dodoma kwa damu ya Sahiwal na Sindhi Mwekundu ikichanganywa na zebu wa hapa na damu kidogo ya Ulaya, inamfaa mtu anayetaka nyama na maziwa ya nyumbani. Brahman ni mrefu na mvumilivu wa joto, lakini baadhi ni wakali na huchelewa kukomaa. Bonsmara wa Afrika Kusini (sehemu 5 kati ya 8 Afrikaner, zilizobaki Hereford na Shorthorn) ni mzuri panapokuwa na uzio, josho la uhakika na malisho ya kiangazi. Akiachwa aungane na kundi la kijiji anakonda.

Simmental, Charolais na Angus tunawaweka kwenye fungu la uhimilishaji (kupandikiza mbegu kwa mrija bila dume), kwa majike wakubwa, katika mashamba ya juu yenye baridi na nyasi za kupandwa. Dume hai wa mbari hizo kumshusha Usangu ni kumpeleka machinjoni kwa njia ndefu.

Wa asili naye si wa kudharau. Iringa Mwekundu na ng'ombe wa Ufipa wamekaa na magonjwa na kiangazi cha hapa vizazi na vizazi. Pasipo josho na pasipo hifadhi ya malisho, dume bora wa asili aliyechaguliwa kwa kumbukumbu atamshinda dume wa gharama.

Jirani yangu Rungwe ananiuzia ndama dume wa Friesian kwa bei nzuri. Atafaa?

Kwa kundi la nyama, hapana. Urefu unaouona ni mifupa. Binti zake watakuwa na kiwele kikubwa na njaa kubwa; kwenye nyasi za Agosti watakonda na kukaa muda mrefu bila kuingia joto, yaani bila kuhitaji dume. Isitoshe, madume wa maziwa waliolelewa kwa mkono ni hatari kuliko wanavyoonekana, kwa sababu hawamwogopi mtu. Mnunue, muhasi, mnenepeshe, muuze.

Naweza kumhimilisha mtamba wa asili kwa mbegu ya Charolais nipate ndama mkubwa?

Usifanye. Ndama wa asili huzaliwa na kilo 20 hivi, Boran kwenye 25, Charolais 40 na zaidi. Mtamba wa asili ana nyonga ndogo na hajawahi kuzaa. Utampoteza ndama, mara nyingine na mama, na akipona huenda asishike tena mwaka huo.

Mtamba apandwe na dume wa mbari yake au Boran mwenye rekodi ya ndama wepesi, na awe amefikia angalau asilimia 60 hadi 65 ya uzito atakaokuwa nao akikomaa. Kama majike wako wakubwa wana kilo 240, mtamba asipandwe chini ya kilo 150. Mbegu nzito ya Ulaya iwasubiri majike waliozaa mara mbili au zaidi bila shida.

Chotara wa kwanza walikuwa moto. Kwa nini wajukuu wao ni wa kawaida?

Kwa sababu ulichokiona kwa chotara wa kwanza kilikuwa na vitu viwili: wastani wa wazazi, na nyongeza inayotokana na kuchanganya damu za mbali. Nyongeza hiyo iko kamili kwa uzao wa kwanza. Ukimpandisha chotara kwa chotara mwenzake, inabaki nusu. Ndiyo maana dume chotara, hata angemeremeta namna gani, hatumshauri mtu amfanye dume la mbegu: mng'ao wake mwenyewe haurithishi wote, na watoto wake hutoka tofautitofauti, mmoja kama Boran, mwingine kama bibi yake.

Njia nyepesi kwa mfugaji wa kawaida ni kubadilishana madume wa mbari mbili safi. Binti za Boran wapandwe na Mpwapwa, binti za Mpwapwa wapandwe na Boran, na kuendelea. Hapo unabaki na karibu theluthi mbili ya nyongeza miaka yote. Inahitaji hereni sikioni na daftari, kwani usipojua baba wa jike ni nani mzunguko unakufa mwaka wa pili.

Njia nyingine ni kupanda daraja: Boran juu ya Boran mpaka kundi liwe Boran. Ni nzuri, mradi josho na malisho yako yapande daraja pamoja nalo.

Nikimwona dume anayeuzwa, nikague nini na kwa mpangilio gani?

Usianze na mgongo na nundu, ambako muuzaji anataka macho yako yakae. Anza chini.

Mwache atembee kwenye ardhi ngumu, mbele yako kisha kwa kukupa ubavu. Kwato za nyuma zinapaswa kukanyaga karibu na zilipokanyaga za mbele. Miguu ya nyuma iliyonyooka kama nguzo ni kasoro mbaya kuliko zote za umbo: dume anapanda kwa kubebwa na miguu hiyo, na iliyonyooka mno huvimba maungio ndani ya msimu mmoja au miwili. Iliyopinda kama mundu nayo si njema. Tazama kwato kama zimejipinda mfano wa mkasi, hiyo hurithiwa.

Kisha govi. Kwa Boran na Brahman govi linaweza kuning'inia sana. Likishuka chini ya mstari wa goti, litachanwa na miiba ya Ismani, litaoza, na dume ataacha kupanda. Angalia pia kama nyama nyekundu ya ndani inachungulia muda wote.

Korodani zipimwe kwa utepe. Simama nyuma yake akiwa kwenye kizimba cha kubania ng'ombe, zisukume zote mbili hadi chini ya mfuko, zungusha utepe penye unene mkubwa. Kwa mbari za Ulaya na machotara wao, dume wa miaka 2 anatakiwa kufika sentimita 34. Zebu hukomaa taratibu, kwa hiyo mlinganishe na wa rika lake. Boran wa miaka 2 mwenye chini ya 28 sisi tunamwacha. Zipapase: ziwe sawa kwa ukubwa, zisogee ndani ya mfuko, ziwe imara kama msuli uliokazwa kidogo. Ngumu kama jiwe au laini kama tope, mwache. Korodani moja, mwache na usimwonee huruma, kasoro hiyo hurithiwa.

Baadaye mdomo. Meno mawili makubwa ni miaka 2 na zaidi kidogo, manne ni karibu 3, manane ni 4 kwenda juu. Muuzaji akisema miaka 3 na meno ni manane, jiulize ni kitu gani kingine amekisema.

Daktari wa mifugo apime shahawa: angalau asilimia 30 ziwe zinakwenda mbele, na 70 ziwe na umbo la kawaida. Na bado kuna jambo ambalo hadubini haioni, hamu. Mwachie jike aliye kwenye joto umwone akimpanda na kumaliza. Wapo madume wenye shahawa nzuri ambao hawana habari na jike.

Mizani sina. Nitajuaje uzito?

Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa kalio, vyote kwa sentimita. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Kifua 170 na urefu 140: 170 × 170 × 140 ÷ 10,840 = kilo 373. Asimame sawasawa kichwa kikiwa mbele, na pima asubuhi kabla ya maji, maana lita 40 za maji ni kilo 40.

Ndama wangu mmoja dume ameachishwa na kilo 160, mwingine 150. Nibakize wa 160?

Subiri kwanza, wana umri gani? Kulinganisha uzito bila umri ni chanzo cha madume wengi wabovu: anayechaguliwa ni aliyezaliwa mapema, wala si anayekua haraka. Walete wote kwenye umri mmoja wa kulinganishia, siku 205.

Wa kwanza alizaliwa na kilo 24, akaachishwa na 160 akiwa na siku 230. Amepata kilo 136 kwa siku 230, yaani gramu 591 kwa siku. Zidisha kwa 205, ongeza 24: kilo 145. Wa pili alizaliwa na 25, akaachishwa na 150 akiwa na siku 190. Amepata 125 kwa siku 190, gramu 658 kwa siku. Kwa siku 205 anafika kilo 160. Bakiza wa pili.

Angalia pia umri wa mama. Mtamba wa uzao wa kwanza ana maziwa kidogo, kwa hiyo ndama wake akilingana na wa jike mkubwa, wa mtamba ndiye bora.

Sifa gani zinarithiwa kweli, na zipi ni malisho tu?

Uzito wa mwaka mmoja hurithiwa kwa kiasi cha asilimia 40 hivi, wa kuzaliwa 35 hadi 40, wa kuachishwa 25 hadi 30, kwa kuwa hapo maziwa ya mama yanaingilia. Uzazi wa jike hurithiwa kwa asilimia 10 au pungufu. Mzunguko wa korodani hurithiwa kwa asilimia 40 na zaidi, na hapa pana siri nzuri: binti wa madume wenye korodani kubwa huingia joto mapema. Utepe ule wa shilingi chache unachagua uzazi wa mitamba ambao hawajazaliwa.

Namba hizi zinatumikaje? Dume alikuwa juu ya wenzake kwa kilo 40 alipoachishwa, wote wakila malisho mamoja. Asilimia 30 ya 40 ni kilo 12. Hizo ndizo za urithi. Nusu yake anampa ndama: kilo 6. Ni ndogo? Zidisha kwa ndama 60. Na kama zile kilo 40 zilitokana na pumba alizopewa peke yake, urithi ni sifuri, na hilo ndilo tatizo la madume wanonono wa maonyesho ya Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya: unaona ndoo ya chakula, huoni damu.

Katalogi ya mirija ya mbegu ina namba kama +30. Nizisomeje?

Ni makadirio ya urithi, yanayoonyesha tofauti na wastani wa mbari hiyo katika nchi hiyo. Kwa katalogi za Australia na Afrika Kusini namba ni thamani ya dume mwenyewe, hivyo ndama anapata nusu: dume wa +30 na wa +10 kwa uzito wa kuachishwa, ndama wao watatofautiana kwa kilo 10 kwa wastani. Katalogi za Marekani tayari zimegawanywa nusu, kwa hiyo tofauti unaichukua ilivyo, ila vipimo vyao ni ratili. Ratili 20 ni kama kilo 9. Usilinganishe namba ya nchi moja na ya nyingine, wala ya mbari moja na nyingine.

Kwa ng'ombe wetu, soma kwanza mstari wa uzito wa kuzaliwa na wepesi wa kuzaa. Mstari wa maziwa usikuvutie: kwenye malisho ya wazi, mama wa maziwa mengi hukonda akachelewa kushika.

Uhimilishaji au dume hai?

Kwa kundi la wazi, tumia dume. Zebu huonyesha joto kwa saa chache, mara nyingi usiku, na mchungaji anayefuata ng'ombe 80 hawezi kumwona kila mmoja. Uhimilishaji unafaa kwa majike 10 hadi 20 bora, ili uzalishe madume wako mwenyewe.

Ukiamua hivyo, majike wawe wamenenepa kiasi, mbavu mbili tatu za mwisho zikionekana kwa mbali tu, na wawe wamezaa zaidi ya siku 60 zilizopita. Wengi huwapanga kwa sindano mbili za prostaglandini (dawa ya kuleta joto) zikipishana siku 11. Kila jike apimwe mimba kabla ya sindano, kwa sababu dawa hiyo hutoa mimba, na ndivyo watu wanavyotupa ndama waliokuwa nao wakitafuta ambao hawajapatikana. Aliyeonekana joto asubuhi ahimilishwe jioni, wa jioni ahimilishwe asubuhi.

Mbegu huhifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, kwa kipimajoto, si kwa kiganja, na hakika si mfukoni. Mhimilishaji anayeinua mirija nje ya shingo ya mtungi akitafuta jina anaua mbegu zote alizozishika. Mbegu huzalishwa nchini na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha; kwa ushauri wa mbari na malisho ya huku, TALIRI (Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania) Uyole, Mbeya, iko karibu.

Dume mmoja majike wangapi, na nimwingize lini?

Dume aliyekomaa, majike 25 hadi 30. Kijana, idadi isizidi umri wake kwa miezi: wa miezi 18, majike 15 hadi 18.

Mimba ni siku 283 hivi, zebu huongeza wiki moja. Mvua zetu huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Mwingize dume 1 Februari, mtoe 15 Aprili: ndama wataanza kuzaliwa katikati ya Novemba na kumalizika mwisho wa Januari, mama akiwa na nyasi changa. Kwa wale ambao dume hukaa mwaka mzima, msifunge ghafla; mwaka wa kwanza fungulieni miezi 5, wa pili 4, wa tatu miezi 2 na nusu. Jike mwenye afya asiyeshika katika muda huo mara mbili mfululizo, muuze. Hakuna njia rahisi kuliko hii ya kuchagua uzazi.

Dume alishe nini kabla ya msimu?

Shahawa huchukua siku 60 hivi kutengenezwa. Kwa hiyo chakula cha Desemba ndicho kinachopanda Februari. Mpe malisho ya kutosha, na kilo 2 hadi 3 kwa siku za pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, robo ikiwa mashudu, pamoja na chumvi ya madini yenye fosforasi. Mashudu ya pamba epuka kwa dume: yana sumu ya gosipoli inayoharibu shahawa. Bahati nzuri Iringa na Mbeya alizeti ni nyingi.

Asinenepe kupita kiasi. Mafuta yakijaa shingo ya mfuko wa korodani, korodani hushindwa kupoa, nazo zinatakiwa kuwa baridi kuliko mwili kwa nyuzi 2 hadi 6.

Nikimleta dume kutoka mbali, magonjwa gani yaniogopeshe?

La kwanza ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Dume aliyekulia pasipo na kupe anaweza kufa ndani ya mwezi mmoja akifika Usangu, huku wa asili wanacheua pembeni yake. Achanjwe huko anakotoka, mwezi mzima kabla ya safari, au umnunue kwenye eneo la kupe. Baadaye aogeshwe kila wiki.

Pima brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, kabla ya kulipa. Ndugu wa nyumbani nao wanaambukizwa, hasa wanaosaidia kuzalisha bila glovu na wanaokunywa maziwa mabichi. Mtenge siku 30 akiwa na maji na chombo chake. Kibali cha kusafirisha na hereni ya utambuzi viwe mkononi. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ipo tangu 2010.

Ataanza lini kuwapanda binti zake?

Kwa kawaida mwaka wa tatu tangu aanze kazi. Ndama wa baba na binti ana asilimia 25 ya damu iliyojirudia, na matokeo yake ni ndama wafupi, wanaokufa kirahisi, na majike wasioshika. Kabla ya hapo mbadilishane na mfugaji wa kata nyingine, mradi wote wawili mmepima magonjwa. Malisho yakiwa ya pamoja, kuhasi kwako peke yako hakutoshi: kubalianeni kitongoji kizima, la sivyo dume wa jirani ndiye dume wako.

Mtamba aliyezaliwa pacha na dume, nimbakize?

Hapana. Tisa kati ya kumi wa aina hiyo ni tasa. Ndugu yake dume hana tatizo.

Majike wamepandwa lakini wanarudi joto baada ya wiki tatu, au miezi miwili. Nifanyeje?

Hesabu wanaorudi. Wakirudi wote baada ya siku 21, kosa lina uwezekano mkubwa kuwa la dume: alipata homa? Homa ya ndigana au ya ugonjwa wa midomo na miguu iliyompata Desemba inaweza kumfanya mgumba hadi katikati ya Februari, ingawa anapanda kwa nguvu. Pima shahawa, subiri siku 60, pima tena.

Wakirudi kwa nyakati zisizo na mpango, wengine baada ya miezi miwili au mitatu wakiwa na usaha kidogo, fikiria trikomonasi au vibrio, magonjwa yanayokaa ndani ya govi bila dume kuonyesha dalili yoyote. Dume wa zaidi ya miaka 4 aliyeazimwa zizi hadi zizi ndiye mshukiwa wa kwanza. Asipande kwa wiki mbili, kisha daktari achukue majimaji ya govi mara tatu, wiki moja moja. Akikutwa na trikomonasi, aende machinjoni, wala si mnadani kwa mfugaji mwingine. Majike wengi hujisafisha wenyewe wakipumzishwa miezi mitatu hadi minne bila dume. Wanaotoa usaha watenge na wauzwe kwa nyama. Wakishapumzika, waingizie dume kijana ambaye hajawahi kupanda.